Kabla Dawa Hazijanunuliwa: Nafasi ya Mwananchi katika Kupanga Huduma za Afya na Ustawi wa Jamii

(Mada kwa wakazi wa kata)



Mkutano mkuu wa kijiji unapofikia ajenda ya afya, swali la kwanza huwa ni lile lile: mbona dawa hakuna? Ni swali la haki, ila aghalabu huulizwa likiwa limechelewa. Jibu lake liliandikwa miezi mingi nyuma, siku mpango wa zahanati ulipoandaliwa na watumiaji wa zahanati hawakutoa neno. Mada hii inaihusu siku hiyo.

Haki ya kusema siku hiyo si hisani ya kiongozi yeyote. Ibara ya 146 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inaeleza kuwa serikali za mitaa zipo kwa ajili ya kupeleka madaraka kwa wananchi. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 nalo lilitamka kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga na kutekeleza huduma zao za afya. Hapa nchini, haki hiyo imepewa vyombo viwili: Bodi ya Huduma za Afya katika ngazi ya halmashauri, na Kamati ya Usimamizi katika kila zahanati, kituo cha afya na hospitali. Ndani ya kamati ya zahanati wamo wawakilishi wa watumiaji wa huduma, pamoja na wajumbe kutoka serikali ya kijiji na Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mganga mfawidhi ndiye katibu.

Kwa miaka mingi kamati hizo zilikuwa na jina kubwa na kazi ndogo, kwa sababu fedha zilikaa makao makuu ya halmashauri. Mabadiliko yalikuja mwaka wa fedha 2017/18, Serikali ilipoanza kupeleka fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya moja kwa moja katika akaunti za vituo. Tangu hapo zahanati ina mpango wake, bajeti yake na hesabu zake. Fedha hizo, pamoja na malipo ya bima na ya papo kwa papo, hutumika kwa mpango ambao kamati imeupitia na kuuridhia. Dawa huagizwa Bohari ya Dawa. Zinapokosekana huko, kituo hununua kwa mshitiri aliyeteuliwa, kwa utaratibu ulioanza mkoani Dodoma mwaka 2014 na kuenezwa nchi nzima mwaka 2018. Hivyo basi, sehemu ya uamuzi wa nini kinunuliwe sasa inafanyika kijijini.

Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtaalamu anajua ni dawa gani hutibu malaria na ni chanjo gani hutangulia. Lakini mama aliyejifungua usiku kwa mwanga wa simu ya mkunga ndiye anayejua kuwa taa ya chumba cha kujifungulia ni muhimu kuliko rangi mpya ukutani. Ndugu aliyebeba ndoo za maji hadi wodini anajua kwa nini tangi lapasa kutangulia viti vya ofisi. Mtu anayetembea kwa baiskeli ya magurudumu matatu anajua kuwa ngazi mbili za mlangoni zinatosha kumnyima matibabu. Maarifa hayo hayamo katika daftari la wagonjwa. Yasiposemwa, mpango utakuwa sahihi kwa hesabu na pungufu kwa mahitaji.

Hapa yafaa kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Kuchangia si kushirikishwa. Wananchi wanaoitwa kusomba mchanga na kufyatua matofali ya jengo ambalo hawakuulizwa lijengwe wapi wamechangia tu. Kushirikishwa ni kuulizwa kabla, kusikilizwa wakati wa kuamua, na kusomewa hesabu baada ya kutumia. Nguvu za wananchi zina heshima yake, lakini haziwezi kuchukua nafasi ya sauti zao.

Kwa upande wa ustawi wa jamii, gharama ya kukaa kimya ni kubwa zaidi, kwa kuwa wenye shida ndio wasiofika mkutanoni. Sera ya afya inatoa msamaha wa malipo kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Lakini mzee hupata msamaha huo baada ya kutambuliwa na kuthibitishwa, na kazi hiyo huanza kwa viongozi wa kijiji na maofisa ustawi wa jamii. Kijiji kisipofanya utambuzi, mzee hufika dirishani na haki yake kamili, akarudi nyumbani bila dawa. Jirani anayemjua ndiye anayepaswa kulitaja jina lake mkutanoni.

Ni kweli pia kwamba kamati ina mipaka. Haiajiri daktari, haimwelekezi mganga namna ya kutibu, wala haiwezi kupanga zaidi ya ukomo wa bajeti. Isilaumiwe kwa yasiyo yake. Kwa yaliyo yake, hata hivyo, haina budi kuwajibika.

Mambo manne yako ndani ya uwezo wa kila mkazi. La kwanza ni kuwafahamu wajumbe wa kamati ya kituo chake, na kiti kinapokuwa wazi, kumchagua mtu anayetumia kituo hicho na asiyeogopa kuuliza. La pili ni kupeleka mahitaji mapema: mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na mipango huandaliwa miezi kadhaa kabla. La tatu ni kuhudhuria mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na kuomba usomwe muhtasari wa kituo: kiasi gani kimepokelewa, kimenunua nini, kipi kiliagizwa na hakikufika. La nne ni kuwasemea wasioweza kufika.

Maswali hayo si ugomvi na wahudumu wa afya. Mganga anayefanya kazi bila dawa wala maji naye anahitaji wananchi wanaojua kilichopungua na waliokidai kwa wakati. Mpango wa mwaka ujao bado haujafungwa. Neno linalosemwa sasa laweza kuingia ndani yake.