Nguvu ya vijana wa Kashuga inatumikia nani?

Maneno tuliyoyasoma mbele ya wakaaji wa Kashuga siku ya kufungua tena uwanja wetu wa mazoezi



Tunaona wengine mmesimama hapa na jembe begani. Leo ni siku ya shamba, hatutawachelewesha.

Kwa wiki tatu uwanja huu ulikuwa umefungwa. Ni sisi wenyewe tuliufunga, na kila mtu akasema lake juu ya sababu. Wengine walisema tumepigana. Wengine walisema tumekula pesa za mchango. Wengine, na hao ndio walituogopesha zaidi, walisema tulikuwa tunatayarisha askari. Tumekuja kueleza mbele ya wote, kwa kinywa chetu wenyewe, mchana, na mlango wazi.

Tuanze na hiki mnachokiona kwa macho. Hapa hakuna mashini hata moja. Kuna bomba la chuma lenye makopo ya maziwa ya unga yaliyojazwa simenti, moja kila upande. Kuna bidoni za njano za litre 20: ukijaza maji unabeba kilo 20, ukijaza mchanga mkavu unafika kilo 30. Kuna mpira wa kamio uliochoka, kamba ya kufunga ng'ombe, gogo la mkaratusi, na ule mti uliolazwa juu ya nguzo mbili ambao watoto wanang'ang'ania kila jioni. Mchango ni franga 500 kwa wiki kwa mwenye nazo. Asiye nazo analeta mchanga.

Mazoezi yenyewe ninyi mnayajua kutuzidi. Kuchuchumaa na mzigo, kisha kusimama. Kuinua kitu kizito kutoka chini, mgongo ukiwa umenyooka, miguu ndiyo ifanye kazi. Kushika bidoni mbili, moja kila mkono, na kutembea mita 50 bila kuziweka chini. Kuvuta, kusukuma, kupumzika, kurudilia. Huko Marekani, tangu mwaka 2000, kampuni moja iliyoanzia California inayoitwa CrossFit imefanya biashara kubwa na mazoezi ya namna hii. Watu wanalipa kila mwezi ili wapate kugeuza mpira wa kamio. Mama mmoja wa soko aliposikia hivyo alicheka mpaka akaketi chini. "Banalipa? Bakuye kulima kwangu, nitabapunguzia bei."

Tulicheka naye. Lakini huyo mama alirudi kesho yake, hakuja kucheka. Alisema mgongo unamuuma tangu miaka mingi. Wamama wetu wanabeba kuni, muhogo na ndizi kwa ngoyi, kamba ikiwa kwenye paji la uso, tangu wakiwa wasichana wadogo. Hakuna aliyewahi kuwaonyesha namna ya kuinuka na mzigo bila kuuvunja mgongo. Hapo ndipo Alhamisi ikawa siku ya wamama. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima afanye mazoezi ya kutia misuli nguvu angalau siku mbili kwa wiki, hata mzee. Kwa hiyo wazee pia, nafasi iko.

Sasa, kwa nini tulianza?

Tuliokaa pamoja mara ya kwanza tulikuwa sita. Wanne tuko na lisansi. Diploma ziko ndani ya plastiki, chini ya godoro, zisinyeshewe. Tumepiga fotokopi za dosie mpaka pesa ya fotokopi ikaisha. Tulirudi nyumbani, tukaketi kando ya barabara inayotoka Mweso kwenda Kalembe na Pinga, tukihesabu pikipiki. Watu wanadhani mtu asiye na kazi anakosa pesa tu. Anakosa saa pia. Jumatatu inafanana na Ijumaa, asubuhi haina tofauti na jioni, na hakuna mtu anayekungoja popote. Uwanja ulirudisha siku zetu. Jumanne ikawa Jumanne, kwa sababu usipofika kuna mtu atauliza: huyu yuko wapi, anaumwa?

Na tulianza kwa sababu ya pili ambayo sisi wote hapa tunaijua. Kikundi chenye silaha hakimuulizi kijana diploma. Kinaangalia mabega. Kijana aliyeketi peke yake kando ya barabara, ana njaa, ana hasira, hana wa kumngoja, huyo ni rahisi kumchukua. Tulitaka awe na watu wanaomngoja.

Hapa tuseme ukweli unaotuuma. Kijana mmoja alifanya mazoezi nasi kwa miezi mitano. Alikuja mwembamba, akawa na kifua, akawa yeye ndiye anayebeba gogo peke yake. Siku moja hakufika. Tuliuliza kwao, wakatuambia ameenda porini. Hatutataja jina lake, na tunaomba mtu yeyote asiwanyooshee wazazi wake kidole. Alienda na nguvu tuliyompa sisi.

Mzee mmoja alituita akatuambia neno ambalo hatujalisahau: "Bana yangu, muko munanonesha ng'ombe juu ya wezi."

Hatukuwa na jibu. Siku chache baadaye watu walikuja kutuuliza: ninyi ni kikundi gani, nani aliwapa ruhusa, leteni majina. Tulikuwa tumezoea kukimbia saa kumi na moja alfajiri, gizani, kwa mistari miwili, tukiimba. Sisi tulikuwa tunaona ni spoti. Mtu aliyelala ndani ya hema la plastiki, aliyekwisha kukimbia vita mara tatu, akisikia miguu ya vijana thelathini inapita gizani, yeye anasikia kitu kingine. Tuliogopesha watu ambao tulitaka kuwatumikia. Kwa hilo tunaomba msamaha mbele yenu wote. Majina hatukutoa. Uwanja tuliufunga.

Ndani ya wiki zile tatu tulifikiri sana neno la mzee. Tukakumbuka kwamba wezi wa nguvu hawakuanza jana. Katika vita ya kwanza ya dunia, Wabelgiji walichukua Wakongomani zaidi ya 200,000 wabebe mizigo ya jeshi kwenda upande wa mashariki, mpaka Tabora, iliyotekwa Septemba 1916. Wengi hawakurudi, na katika vitabu hawana hata majina. Wakati wa Mobutu kulikuwa salongo: fanya, usiulize. Na siku zetu hizi, ni kijana gani wa Masisi au wa Walikale asiyejua maana ya kusimamishwa njiani na mtu mwenye bunduki na kuambiwa "beba"? Babu zetu walikuwa na nguvu. Baba zetu walikuwa na nguvu. Nguvu haijawahi kukosekana hapa. Kilichokosekana ni nafasi ya kuamua itumikie nani.

Basi, mzee wetu, jibu letu ni hili, na si jibu kamili. Kijana wa Kashuga hapati misuli kwa makopo yetu ya simenti. Jembe lilimpa kwanza, na kuni, na maji ya kupanda nayo mlima. Ng'ombe tayari amenona. Na wewe mchungaji unajua kuliko sisi: mwizi anaanza na yule ng'ombe aliyeachwa peke yake mbali, siyo yule aliye katikati ya kundi na watu wanamwangalia. Tunajua pia kwamba wenye bunduki wanaweza kupeleka kundi zima. Hatuwadanganyi. Lakini kati ya kijana aliye peke yake na kijana anayengojwa na watu thelathini Jumanne asubuhi, tunajua ni nani tungependa mwana wetu awe.

Wala si sisi wa kwanza kufikiri hivyo. Pale Goma, kocha anayeitwa Kibomango alikuwa mtoto askari, na vita ikampokonya jicho moja. Aligeuka bondia, kisha akafundisha boksi kwa miaka mingi pa uwanja wa Volcans, vijana kwa wasichana, wengine watoto wa mtaani, wengine waliotoka vikundi vya silaha kama yeye mwenyewe. Mikono iliyofundishwa kushika bunduki ilifundishwa kuvaa glovu na kuheshimu kengele. Na hukohuko Goma wameusimamishia chukudu sanamu. Sanamu ya kijana anayesukuma mzigo! Maana yake watu wa jimbo hili wanajua kuheshimu nguvu inayoleta viazi sokoni.

Tuwaeleze na jambo la mwisho, ambalo ndilo limetuleta hapa leo.

Wiki ya pili ya kufunga, usiku, mama mmoja alishikwa na uchungu. Mtoto alikuwa vibaya, na kituo kikasema apelekwe hospitali kubwa ya Mweso. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara ilikuwa tope, pikipiki haikupatikana. Zamani tungekuwa tumefika vijana wanane ndani ya dakika kumi, kwa sababu kila mmoja alijua nyumba ya mwenzake. Usiku ule tuliogopa. Vijana wanane pamoja, usiku, barabarani, watatudhania nini? Tulisimama nyuma ya nyumba tukibishana kwa sauti ya chini. Nusu saa nzima. Mpaka mama mkwe wa yule mgonjwa akatoka, akatuuliza neno moja: "Muko na nguvu ya kubeba mawe tu?"

Tulibeba. Wanne chini ya kipoyi, wanne wakingoja zamu, tukibadilishana kwa kila mlima. Wamama watatu walitembea mbele na taa, wakiongea kwa sauti kubwa, ili yeyote aliye njiani ajue ni mgonjwa anapita. Vidole vilikuwa vinaungua, na tukaelewa zile mita 50 za bidoni zilikuwa zinatufundisha nini. Hakuna aliyeteleza. Mama alifika akiwa mzima, na mtoto alizaliwa mzima. Tunamshukuru Mungu. Lakini ile nusu saa ni yetu, hatuwezi kumpa mtu mwingine lawama yake.

Kwa hiyo tunafungua tena, na tunafungua namna nyingine. Haya ndiyo tumekubaliana:

1. Mazoezi ni mchana, jua likiisha kutoka. Hakuna kukimbia gizani, hakuna mistari, hakuna nyimbo za vita, hakuna fimbo mkononi.

2. Uwanja hauna ukuta. Mzazi, mzee, chefu, mwalimu, yeyote anaweza kuja kuketi na kuangalia bila kuomba ruhusa.

3. Mwenye silaha au nguo ya kijeshi haingii nazo uwanjani, awe wa upande wowote.

4. Hatuulizi kabila, hatuulizi kijiji. Aliyezaliwa hapa na aliyefika jana na godoro kichwani wanashika bomba lilelile.

5. Aliyelala njaa habebi mzito siku hiyo, na hachekwi. Sehemu ya mchango itanunua maharagi na soya.

6. Kipoyi kitakaa hapa uwanjani, kimefungwa kamba mpya. Vijana wanane wako zamu kila usiku, na majina yao yako kwa kituo cha afya na kwa wamama. Ni orodha hiyo peke yake tutakayoandika.

7. Kijana asipofika mara mbili, wawili wetu wanaenda kwao kumwangalia siku ileile. Kwa yule wa kwanza tulingoja wiki nzima.

Na sisi pia tuko na maombi. Wazazi, msituletee wana wenu tu, njooni nao. Viongozi, mkitaka kujua tunafanya nini, njooni Jumanne mkiwa na viatu vya kutembea. Msitume mtu kuuliza majina. Serikali, kijana mwenye diploma hapaswi kuchagua kati ya kuketi barabarani na kwenda porini. Kutengeneza barabara hii tu kungetoa kazi kwa mikono yote iliyoko hapa. Na wote wenye silaha, popote mlipo: vijana wa Kashuga si punda wenu.

Kwa yule ndugu yetu aliyeondoka, kama neno hili litakufikia: gogo lako liko palepale. Hakuna aliyeweza kulibeba peke yake tangu uende. Tunalibeba wawili wawili. Ukiweza kurudi bila bunduki, rudi, Jumanne tunakungoja.

Wenye jembe, shamba linawangoja. Wenye nafasi, bidoni ziko pale, na mchanga ni bure.

Vijana wa uwanja wa Kashuga