Wimbo Unaofunguka

Mwaka 1987 Mjerumani Karsten Obarski alitoa programu ya kutungia muziki kwenye kompyuta ya Amiga, iliyoitwa Ultimate Soundtracker. Ilikuwa na njia nne tu za sauti, na nota zake ziliandikwa kwa herufi na tarakimu, kutoka juu kwenda chini, mithili ya daftari la madeni ya duka.

Kutokana nayo likaja faili liitwalo moduli. Ndani yake mlikuwa na nota pamoja na sauti za ala zenyewe. Aliyelipata alilifungua, akaona kila pigo la ngoma lilivyopangwa. Vijana wengi walijifunza utunzi hivyo, bila ada.

Huko Texas, kampuni ya Ion Storm iliyoanzia Dallas ilitoa mwaka 2000 mchezo wa kompyuta wa Deus Ex, uliotengenezwa katika ofisi yake ya Austin. Muziki wake, ambao mtunzi wake mkuu alikuwa Alexander Brandon, ulikuwa wa moduli. Moduli moja ilibeba sehemu ya utulivu, ya mazungumzo na ya mapigano. Mchezaji akishambuliwa, muziki uliruka papo hapo. Kampuni ilifungwa mwaka 2005. Moduli zake bado zinafunguka.

FruityLoops ya Ubelgiji, sasa FL Studio, iliingia kwenye simu mwaka 2011. Jijini Dar es Salaam, watayarishaji wengi wa singeli huitumia kwenye kompyuta. Lakini kinachosambaa mitaani ni wimbo uliokwisha kufungwa. Anayetaka kujua mapigo yale ya kasi yamepangwaje humwendea mtayarishaji studioni, iwapo atakaribishwa.