Nani Anaisemea Mwankoko? Historia ya Uwakilishi katika Jimbo la Singida Mjini

Mhadhara wa umma uliotolewa Mwankoko, Manispaa ya Singida



Mihadhara ya namna hii imezoeleka kutolewa katika kumbi za vyuo, wasomi wakisemeshana wenyewe kwa wenyewe. Leo tumeuleta mhadhara Mwankoko kwa sababu mada yenyewe ni ya hapa. Hii ni kata ya Manispaa ya Singida, na mkazi wake anahesabiwa kuwa mtu wa mjini. Lakini ukitoka nje ya ukumbi huu unakutana na alizeti, uwele, mtama na mifugo. Mpiga kura wa hapa na mfanyabiashara wa Ipembe, katikati ya mji, wanachagua mbunge mmoja, ingawa shida zao hazifanani.

Hoja yangu naisema mapema, msije mkaisubiri hadi mwisho. Tumezoea kuisimulia historia ya uwakilishi kwa majina ya wakubwa. Mimi nadai kwamba kata ya pembezoni hupata haki yake, au huikosa, katika vikao vidogo ambavyo wengi wetu hatuhudhurii: mkutano wa mtaa, kamati ya maendeleo ya kata, baraza la madiwani. Mbunge ni wa lazima, ila hufika mwishoni mwa safari ambayo wengine wameianza.

1. Uamuzi ulipokuwa Berlin

Kabla ya ukoloni Wanyaturu, wenyeji wa hapa, hawakuwa na mtawala mmoja wa nchi nzima. Wahi, Wirwana na Wanyamunyinganyi walikuwa na koo zao, na mambo yaliamuliwa na wazee wa ukoo na wa eneo. Wajerumani walipofika walitaka mtu mmoja wa kumpa amri na wa kumdai kodi. Sehemu hizi wakaziweka chini ya kituo cha Kilimatinde, na kaskazini wakajenga boma la Mkalama. Kodi ya nyumba ilianza kukusanywa katika koloni mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba ya shamba. Aliyeshindwa kulipa alitumikishwa kazi.

Watu hawakukubali kirahisi. Kila mtoto wa Singida amesikia habari za Liti Kidanka, mwanamke ambaye simulizi zetu zinasema aliwapiga Wajerumani kwa nyuki. Wanahistoria wanaweza kubishana juu ya namna nyuki walivyotumwa. Jambo lisilo na ubishi ni kwamba upinzani ulikuwapo, na jina lake limebaki: uwanja wa mpira wa mjini, uliojulikana miaka mingi kwa jina la Namfua, sasa unaitwa Liti.

Uamuzi ulifanyika wapi wakati huo? Bunge lenye mamlaka juu ya nchi hii lilikuwa Reichstag, Berlin. Humo ndimo zilimopitishwa fedha za reli ya kati, iliyofika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Reli ikapita kusini mwetu, Manyoni, na mji wa Singida ukabaki mbali na njia kuu ya biashara. Hakukuwa na mtu hata mmoja katika jengo lile aliyechaguliwa na Mnyaturu, Mnyiramba au Mgogo. Alikuwapo August Bebel wa chama cha kisoshalisti, ambaye mwaka 1896 alisimama na kumshtaki hadharani Carl Peters, ofisa wa kikoloni, kwa kuwanyonga Waafrika wawili, mwanamume na mwanamke, huko Kilimanjaro. Mwaka uliofuata Peters alifukuzwa kazi. Bebel alisema kweli, na anastahili shukrani. Hata hivyo mtu anayekutetea kwa hiari yake si mwakilishi wako. Siku akinyamaza, huna pa kumwajibisha.

2. Shilingi 3,000 na kura tatu

Waingereza waliunda Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika mwaka 1926. Kwa miaka 19 halikuwa na Mwafrika hata mmoja. Mwaka 1945 waliingia wawili wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia wa Usukuma na Chifu Abdiel Shangali wa Machame, nao waliteuliwa na gavana. Huku chini, utawala kupitia wenyeji uliwapa hata watu wasiokuwa na machifu, kama Wanyaturu, machifu wa kuwakusanyia kodi.

Uchaguzi wa kwanza ulikuja 1958 na kumalizikia 1959. Naomba tuutazame kwa karibu, tukimfikiria mkulima wa hapa mwenye ng'ombe 40 zizini. Ili aandikishwe alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo fulani kinachotambulika. Pauni 150 za wakati ule zilikuwa shilingi 3,000. Ng'ombe wake walikuwa mahari, chakula, akiba na heshima, lakini karani wa uandikishaji alitafuta mshahara na cheti. Mtu huyu mwenye mali mbele ya jirani zake, mbele ya sheria hakuwa mpiga kura. Nchi nzima yenye watu zaidi ya milioni 8 iliandikisha wapiga kura wapatao 60,000 tu.

Hata aliyeandikishwa hakuwa huru. Alilazimika kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia kwa pamoja, na akimwacha mmoja kura yake iliharibika. Chama cha TANU kilikaa Tabora Januari 1958 kikabishana kama kishiriki uchaguzi huo. Mwalimu Nyerere aliwashawishi wenzake waingie humo humo, na wakashinda. Eneo la uchaguzi lilikuwa Jimbo la Kati zima: Dodoma, Kondoa, Mpwapwa, Manyoni, Iramba na Singida kwa pamoja. Sauti ya kijiji ingesikika vipi humo?

3. Jembe na nyumba

Uchaguzi wa 1960 uliipa TANU viti 70 kati ya 71. Kiti kilichobaki kilichukuliwa na Herman Sarwatt huko Mbulu, naye alikuwa mwana-TANU aliyesimama peke yake baada ya watu wa kwao kumtaka kuliko mgombea wa chama. Mfano huo ulitoka jirani kabisa na sisi: wapiga kura wa mahali fulani wanaweza kukiambia chama wanachokipenda kwamba kimekosea mtu.

Mwaka 1965, chini ya chama kimoja, nchi iligawanywa katika majimbo 107, na kila jimbo lililokuwa na ushindani lilikuwa na wagombea wawili wa chama hicho hicho, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine nyumba. Yule mkulima aliyekosa shilingi 3,000 sasa alikuwa na kura. Paul Bomani, waziri wa fedha, aliangushwa Mwanza. Wazee mnaokumbuka miaka ile mnajua kwamba ushindani ulikuwapo, ila hoja hazikuruhusiwa kutoka nje ya uzio wa chama.

Jambo lililotuumiza zaidi halikuwa bungeni. Kuanzia mwaka 1972 serikali ilivunja halmashauri za wilaya na za miji kwa jina la madaraka mikoani. Halmashauri za miji zilirudi 1978, na za wilaya baada ya sheria za 1982. Kwa miaka hiyo yote wananchi walikuwa na mbunge, lakini chombo cha kuamua barabara ya mtaa, zahanati na kisima hawakuwa nacho. Na hiyo ndiyo miaka ya kuhamishiwa vijijini, wakati maamuzi mazito kuliko yote juu ya ardhi na makazi yalipofanywa. Anayetaka ushahidi kwamba mbunge peke yake hatoshi, atazame kipindi hicho.

4. Singida Mjini na majirani zake

Baada ya vyama vingi kurudi 1992, mkoa huu umetoa wanasiasa wa kila rangi. Jimbo letu la Singida Mjini lilimchagua Mohammed Gulam Dewji mwaka 2005, mzaliwa wa mji huu na mfanyabiashara anayejulikana Afrika nzima. Alikaa vipindi viwili, akaacha mwaka 2015. Alifuatiwa na Mussa Ramadhani Sima, ambaye mwaka 2018 aliteuliwa kuwa Naibu Waziri katika Ofisi ya Makamu wa Rais, Muungano na Mazingira. Wote wawili walisimama kwa tiketi ya CCM.

Kwa majirani mambo yalikuwa na moto zaidi. Singida Mashariki ilimpeleka bungeni Tundu Lissu wa CHADEMA mwaka 2010 na tena 2015. Tarehe 7 Septemba 2017 alipigwa risasi mjini Dodoma, akapelekwa Nairobi kisha Ubelgiji kwa matibabu. Juni 2019 Spika alitangaza kiti chake kuwa wazi, na Septemba aliapishwa Miraji Mtaturu wa CCM, aliyepita bila kupingwa. Singida Kaskazini nayo ilimpoteza mbunge wake, Lazaro Nyalandu, aliyejiuzulu Oktoba 2017 akahamia CHADEMA, na uchaguzi mdogo ukafanyika Januari 2018. Iramba Magharibi imemtoa Mwigulu Nchemba, waziri kwa miaka mingi, na tangu Novemba 2025 Waziri Mkuu.

Katika mabishano juu ya watu hawa, kila upande una hoja zake. Mimi nauliza swali moja tu: mpiga kura alikuwa wapi? Kiti cha Singida Mashariki kilitangazwa wazi na wengine, kikajazwa bila watu wa jimbo kupiga kura. Jimbo ni la wananchi, na kila jambo linalolihusu linapopita juu ya vichwa vyao, sisi wengine tunajifunza vibaya kwamba uwakilishi ni shughuli ya wakubwa.

5. Maji yanayotoka hapa

Turudi nyumbani. Mji wa Singida umezungukwa na maziwa, Singidani na Kindai, lakini maji yake ni ya chumvi. Mji unakunywa maji ya visima, na visima vikubwa vinavyoulisha viko Mwankoko na Irao. Hebu tulione vizuri jambo hili. Kata inayoonekana pembezoni kwenye ramani ya siasa iko katikati kwenye ramani ya maji.

Sasa, maswali yanayofuata ni ya nani? Mwenye shamba lililoingia kwenye eneo la visima analipwaje, na lini? Bomba linapoelekea mjini, mtaa linakopita unapata bomba la wananchi? Eneo la kulinda chanzo likiongezwa, malisho yanahamia wapi? Mbunge anaweza kuuliza haya bungeni Dodoma, na Waziri akajibu kwa aya mbili. Lakini kabla hajauliza, lazima kuwe na orodha ya majina, ukubwa wa kila shamba, tarehe ya tathmini na muhtasari wa kikao. Orodha hiyo haitengenezwi Dodoma. Inatengenezwa na mtendaji wa kata, diwani na wenyeviti wa mitaa, kwenye kaunta buku, mezani, watu wakisikiliza na kusahihisha.

Kisheria mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani. Mfuko wa jimbo, ulioundwa kwa sheria ya 2009, anausimamia yeye kama mwenyekiti wa kamati yake. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, inapita halmashauri. Milango yote mitatu inafunguka kwa maombi yaliyoandikwa kutoka chini. Kata isiyo na muhtasari ni kata isiyo na madai.

6. Funzo kutoka mtaa wa Wedding

Nimalizie na mfano kutoka kule kule tulikoanzia. Jengo la Reichstag liko katika wilaya ya mji wa Berlin iitwayo Mitte. Ndani ya wilaya hiyo hiyo kuna eneo la Wedding, na humo kuna Mtaa wa Kiafrika, wenye barabara zilizopewa majina ya makoloni na ya sehemu nyingine za Afrika, ikiwemo Sansibarstraße. Mwaka 1939, wakati wa Hitler, barabara moja ilipewa jina la Carl Peters. Mwaka 1986 watawala walidai kwamba sasa inamaanisha Peters mwingine, mwanasheria Hans Peters. Jina likabaki lilelile.

Wanaharakati, wakiwemo wenye asili ya Afrika, hawakukubali ujanja huo. Walikwenda kwenye baraza la wilaya ya Mitte, lenye wajumbe 55 wanaoshughulika na bustani, shule na majina ya mitaa. Baraza liliamua kubadilisha majina mwaka 2018, wapingaji wakaenda mahakamani, na kesi zikachukua miaka. Tarehe 23 Agosti 2024 vibao vipya viliwekwa: sehemu moja ya barabara ikawa Maji-Maji-Allee, kwa kumbukumbu ya vita vya 1905 hadi 1907, na nyingine Anna-Mungunda-Allee, kwa heshima ya mwanamke wa Namibia aliyeuawa Windhoek mwaka 1959. Bunge la Ujerumani liko kilomita chache tu kutoka hapo, lakini kazi hii ilifanywa na madiwani, kwa sababu wananchi walihudhuria vikao vyao na kurudi tena na tena.

Ndugu zangu wa Mwankoko, nawaomba mambo matatu. Kwanza, mkutano wa mtaa unapoitishwa, nendeni, na mdai mapato na matumizi yasomwe. Pili, kumbukumbu za Bunge ni mali ya umma. Walimu wawasaidie vijana kuzisoma, wahesabu ni mara ngapi jina la kata hii limetajwa na kwa jambo gani. Tatu, vijana waandike simulizi za wazee waliopiga kura ya jembe na nyumba wakati wazee hao wangali hai, na nakala iwekwe ofisi ya kata. Mgombea atakayekuja kuomba kura hapa, mkabidhini madai yenu kwa maandishi, naye asaini kwamba ameyapokea. Miaka mitano baadaye mtakuwa na cha kumuulizia.