Kiongozi kati ya wasio na majina

Waendesha pikipiki za abiria jijini Kigali huvaa vizibao vyenye namba. Wakitaka kumteua mmoja wao, wanaweza kukubaliana kwamba ni mwenye namba kubwa kuliko wote. Namba zikiondolewa, kazi inakuwa ngumu ajabu.

Ndivyo ilivyo kwa kompyuta zinazofanya kazi pamoja, ambazo mara nyingi huhitaji moja iziratibu nyingine. Mwaka 1980 Dana Angluin, mwanasayansi wa Marekani, alithibitisha kwamba kompyuta zilizounganishwa kwa duara, zisizo na majina na zenye programu ileile, haziwezi kumpata kiongozi bila kubahatisha. Kinachozikwamisha ni kufanana: zikienda kwa hatua moja, ifanyalo moja hulifanya zote. Moja ikijitangaza, zote zimejitangaza.

Mwaka uliofuata Alon Itai na Michael Rodeh walileta bahati nasibu. Kila kompyuta huchagua namba kwa kubahatisha, na zilizofungana kileleni hurudia zenyewe kwa zenyewe. Lakini lipo sharti zito: lazima zijue idadi yao, la sivyo haziwezi kuhitimisha kwa uhakika kwamba kiongozi ni mmoja tu.

Somo hili linastahili nafasi kubwa Kigali, ambako Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kilizindua kampasi yake mpya mwaka 2019. Wahandisi wa mji huu wanajenga mifumo ya fedha, na humo viongozi wawili kwa wakati mmoja wanaweza kumkata mteja malipo yaleyale mara mbili.