MAANA YA NENO "UNBWOGABLE"

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi)



Katika karakana yetu neno hili husemwa kila siku, na tumeombwa tulieleze.

Asili yake ni Kijaluo. Bwogo ni kutisha, kushtua. Vijana wawili wa muziki, Gidi Gidi na Maji Maji, walilitia kichwa na mkia wa Kiingereza, wakalitoa katika wimbo wao wa mwaka 2002. Mwaka ule ule wanasiasa wa NARC wakalidandia (mwanasiasa hulijua behewa linaloondoka), likaimbwa mikutanoni, hata KANU iliyotawala tangu 1963 ikashindwa kwa kura tarehe 27 Desemba 2002.

Lakini maana yake wengi wetu twaikosea. Twadhani ni mtu asiyeogopa, au mkaidi apigaye kelele langoni. Sivyo. Kiswahili chake ni asiyetishika. Kuogopa ni jambo la moyo. Twaogopa kwa kuwa tuna watoto na kodi ya nyumba. Kutishika ni jambo jingine: ni yule anayetutisha kufaulu. Mtu aweza kuogopa, tumbo likamkata, na bado akatia sahihi yake.

Tunasema sahihi kwa sababu. Kwa mwajiri wetu huyu chama bado hakijatambuliwa, na wako wasimamizi wanaonong'ona kwamba atakayejaza fomu ya kukatwa ada hatapata mkataba mpya. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyi kazi haki ya kujiunga na chama. Na Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 yamtaka mwajiri akitambue chama chenye zaidi ya nusu ya wafanyi kazi wanaostahili kuwa wanachama. Basi mnong'ono hauna haja ya kumfukuza mtu yeyote. Wakitishika wachache tu, nusu haitimii, na kazi yake imekwisha.

Makhan Singh alishikwa Mei 1950 kwa ajili ya kazi ya vyama, akazuiwa mpaka Oktoba 1961. Alipotoka aliandika historia ya vyama vya wafanyi kazi wa Kenya, kitabu kikatoka 1969. Huyo walimtisha miaka kumi na mmoja na zaidi.

Fomu ziko kwa karani wa tawi, kila siku saa saba mchana. Walio zamu ya usiku wataletewa. Njoni na namba zenu za kazi.