Heshima si Utumwa



Leo tutasema juu ya jambo ambalo wengi wanaliona kuwa dogo: adabu katika maneno. Zamani, katika vijiji vyetu, mtu hakupita mbele ya nyumba bila kusalimia. Mgeni alipewa kiti na maji kwanza, ndipo akaulizwa habari za safari. Leo, katika miji yetu, kijana anamsukuma mzee kwenye mlango wa basi, mwenye pikipiki anamtukana mama aliyebeba mzigo, na karani wa ofisi anajibu bila kuinua macho. Maneno kama “tafazali”, “samahani” na “aksanti” yanazidi kupotea.

Wazee wanasema kosa ni la vijana. Tuwe watu wa haki. Mtoto aliyekulia mashariki ya nchi yetu tangu vita vya mwaka 1996 amesikia amri nyingi kuliko salamu: “Toka! Leta! Lala chini!” Ameona kwamba mwenye kupiga kelele ndiye anayesikilizwa, na mwenye kusema kwa upole anapitwa na wote kwenye mstari. Hayo hakujifundisha peke yake. Aliyaona kwetu sisi wakubwa.

Tuchukue mfano. Mama anafika ofisini kuomba cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake. Karani anamwambia: “Wewe, simama kule!” Kisha, akisikia namna mama anavyotamka maneno, anaongeza: “Nyinyi watu wa kule ndivyo mlivyo.” Mama anarudi nyumbani na machozi. Je, atawaambia majirani kwamba karani mmoja amemtukana? Hapana. Atasema: “Watu wa kabila lile wanatuzarau.” Jioni kartie nzima imesikia, kesho yake soko limesikia. Ukosefu wa adabu wa mtu mmoja umegeuka kuwa deni la kabila zima, na siku moja atatokea mtu wa kulidai deni hilo kwa panga.

Ndugu wasikilizaji, hatari iko hapo. Tusi juu ya mtu mmoja linaweza kumalizwa na samahani ya mtu mmoja. Tusi juu ya kabila linazunguka bila mwenyewe, na kila anayelipokea analiongezea kidogo.

Majirani wetu wa Rwanda waliyaona hayo. Mwaka 1994, redio RTLM iliwaita Watutsi mende, siku baada ya siku, huku watu wakiuawa kwa mamia ya maelfu. Mwaka 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Arusha ilimhukumu Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa redio hiyo. Katika rufani ya mwaka 2007 kifungo chake kilipunguzwa hadi miaka 30, lakini hatia ya kuchochea watu kwa njia ya redio ilibaki.

Hapa kwetu pia sheria ipo. Kifungu cha 66 cha Katiba ya mwaka 2006 kinamwagiza kila Mkongomani amheshimu mwenzake bila ubaguzi. Kitabu cha azabu kinamwekea mwenye kumtukana mtu hadharani kifungo cha siku 8 hadi miezi 2, au faini, au vyote viwili. Na tangu mwaka 1966 kuna sheria inayoazibu maneno ya chuki ya rangi na ya kabila. Lakini sheria inafika nyuma ya neno. Neno likiisha kutoka, jaji hawezi kulirudisha mdomoni.

Basi tufanye nini? Kwanza, mwenye cheo aanze: shefu, karani, askari, mwalimu. Amwulize mtu jina lake na haja yake, si kabila lake. Pili, ukimkosea mtu mbele ya watu, umwombe samahani mbele ya watu wale wale, siku ile ile, kabla neno halijafika sokoni. Tatu, ukisikia tusi la kabila, usicheke. Kicheko chako ndicho kinachompa mtukanaji nguvu.

Wengine watasema: “Nikisema kwa upole, wataniona mnyonge.” Hapana. Heshima si utumwa. Yule mama wa ofisini anaweza kusema: “Samahani, bwana karani, nimekuja kuomba haki yangu, na ninaomba unisemeshe kama mtu.” Hajatukana, na hajainama.

Kesho asubuhi, ukikutana njiani na jirani wa kabila lingine, usingoje akusalimie. Anza wewe.