Mtoto Huyu ni wa Nani?

*Mazungumzo ya asubuhi, kama yalivyosomwa redioni. Somo: Ezra 2:59-67*

 

Mtakumbuka usiku ule wa tarehe 24 Agosti, mwaka 2019, karani wa sensa alipobisha hodi. Aliuliza ni nani watakaolala nyumbani humo, kila mtu na jina lake, na umri wake, na uhusiano wake na mwenye nyumba. Katika nyumba nyingi swali hilo la mwisho lilileta kimya kidogo. "Na huyu mtoto?" Mama akatazama chini, kisha akasema, "Andika tu kwamba ni wetu."

Sura ya pili ya Ezra ni sensa pia, na najua wengi wetu huiruka. Ni majina na hesabu tu. Watu waliorudi kutoka Babeli walikuwa 42,360. Hata punda walihesabiwa, nao walikuwa 6,720! Lakini katikati ya hesabu hiyo wamo watu walioshindwa kuonyesha nyumba ya baba zao. Walitafuta katika maandiko ya nasaba, wala hawakujiona. Punda wana nafasi kitabuni, na hawa hawana.

Mimi nimekuwa mwandishi wa kanisa letu kwa miaka mingi, na kitabu cha ubatizo hukaa kwangu. Siku moja alikuja mzee kutoka mbali, akitafuta habari za babu yake aliyelelewa na misheni tangu utoto. Tulifungua kitabu cha zamani, kurasa zake zimeliwa na mchwa pembeni. Tukalipata jina, yaani lile la ubatizo, jina la Kizungu. Mahali pa baba palikuwa na kistari. Mahali pa mama, kistari. Kisha neno moja: yatima. Mzee yule aliweka kidole chake juu ya kile kistari, akakaa hivyo muda mrefu. Sikuwa na la kumwambia.

Basi nikaja kusoma habari za msichana mmoja Mworomo, Bisho Jarsa, na tangu hapo kistari kile kimenisumbua zaidi.

Waoromo tunawajua, Waborana na Waorma wa kwetu ni ndugu zao. Bisho alizaliwa Uhabeshi. Ukame na maradhi ya mwaka 1887 vilimwacha yatima pamoja na ndugu zake wawili wa kiume, chini ya ulinzi wa mtumwa wa baba yao. Njaa ilipozidi, Bisho aliuzwa kwa wafanya biashara ya watumwa kwa vibaba vichache vya mahindi. Akatembezwa majuma mengi hadi pwani ya Bahari ya Shamu, akapakiwa jahazini kuvushwa hadi Uarabuni. Mwezi wa Septemba 1888 manowari ya Kiingereza iitwayo Osprey iliyakamata majahazi matatu, yenye watu zaidi ya 200, wengi wao watoto. Wakapelekwa Aden.

Karibu na Aden walikuwapo wamisionari wa Free Church of Scotland, nao waliwapokea baadhi ya watoto hao. Hali ya hewa ya pale iliwaua wengi. Kwa hiyo mwaka 1890 watoto 64 walisafirishwa hadi Afrika Kusini, kwenye shule ya Lovedale. Mkuu wa Lovedale siku hizo alikuwa Dakta James Stewart, yule yule aliyefika Kibwezi mwaka 1891 kuanzisha misheni ya Kiskoti hapa kwetu. Ndugu zangu Wapresbiteri wanamfahamu.

Sasa sikilizeni jambo lililofanyika mwaka huo wa 1890. Wamisionari walimkalisha kila mtoto, mmoja mmoja, pamoja na wakalimani waliokijua Kioromo, wakamwuliza. Jina lako nani? Baba yako aliitwaje, na mama? Nyumbani kwenu ni wapi? Mlikuwa na mashamba, mlikuwa na ng'ombe? Nani alikuchukua, akakuuza kwa nani, mkapita wapi? Na kila mtoto alivyojibu, wakaandika. Watoto wale hawakuwa na kitu duniani, hata nguo walizovaa walipewa. Lakini waliulizwa, wakajibu.

Bisho akasoma Lovedale, akawa mwalimu, akaolewa na mchungaji. Binti yake aliitwa Dimbiti, na mwana wa Dimbiti, aliyezaliwa mwaka 1936, ndiye Neville Alexander, yule mtaalamu wa lugha aliyefungwa Robben Island miaka kumi, 1964 hadi 1974. Neville alisimulia kwamba walipokuwa wadogo walimsikia nyanya yao akisema peke yake maneno wasiyoyaelewa. Walipomwuliza mama, aliwaambia wasiwe na wasiwasi, nyanya anazungumza na Mungu. Alikuwa akisema Kioromo, na nyumbani humo hapakuwa na mtu wa kumjibu. Neville alikuwa amekwisha kukua ndipo akaambiwa nyanya yake alitoka wapi.

Na yale majibu ya mwaka 1890 yalikuwa yangali yapo! Makaratasi ya Lovedale yamehifadhiwa katika maktaba ya Cory huko Afrika Kusini, na mama mmoja msomi, Sandra Rowoldt Shell, aliyafuata kwa miaka mingi, mtoto kwa mtoto, hata akatoa kitabu mwaka 2018. Wajukuu wa watoto wale leo waweza kusoma jina la babu wa babu yao, na kijiji chake.

Zaburi ya 87 yasema kwamba Bwana mwenyewe, anapowaandika mataifa, huandika pia mahali mtu alipozaliwa. Nilipoisoma tena nilikiona kitabu changu, na vistari vyake.

Jumapili moja, si zamani, nyanya mmoja alileta wajukuu wawili wabatizwe. Wazazi wote wawili wamefariki. Mchungaji alikuwa na haraka, nami kalamu yangu ilikuwa imekwisha kugusa karatasi mahali pa baba. Nikaiinua. Nikamwuliza yule mkubwa, kijana wa miaka minane hivi, "Baba yako aliitwa nani, mwanangu?" Akanitajia. Nikamwuliza kuhusu mama, akanitajia. Kisha bila kuulizwa akasema baba alikuwa fundi wa baiskeli sokoni, na mama alikuwa akiimba akichota maji, na walikuwa na mbwa mweupe. Nafasi katika kitabu ni ndogo. Nikageuza kitabu, nikaendelea kuandika pembeni mwa ukurasa.